Kilio cha Hana Kando ya Ziwa Viktoria



Wapendwa wanaparokia, juma hili masomo ya Misa za kila siku yametupeleka Shilo, kwa Hana mke wa Elkana. Habari zake mnazijua: mwanamke asiye na mtoto, mke mwenzake anayemchokoza mwaka hata mwaka, na mume mwema anayedhani kwamba mapenzi yake yanatosha kuwa badala ya wana kumi. Lakini safari hii, tulipokuwa tukiandaa mahubiri, jicho letu halikutua kwa Hana. Lilitua kwa kuhani. Eli ameketi kitini pake penye mwimo wa mlango wa hekalu, anamwona mwanamke akitikisa midomo bila kutoa sauti, naye anakata shauri kwamba amelewa. Mtu wa kwanza kusema na huyu aliyevunjika moyo, tena ndani ya nyumba ya Mungu, anamkaripia. Baadaye Eli alijirekebisha na kumbariki, na sifa hiyo tusimnyime. Ila neno lake la kwanza lilikuwa kosa.

Tunaandika haya kwa sababu nasi tumewahi kuwa Eli. Miaka kadhaa iliyopita walikuja ofisini kwetu mume na mke waliokuwa wamefunga ndoa kanisani miaka saba kabla, bila mtoto. Waliuliza jambo moja tu: je, Kanisa linaruhusu kupandikiza mimba kwa njia ya maabara? Tuliwajibu kama tulivyofundishwa seminarini, kwa mpangilio, tukitaja hati na namba za aya. Jibu lilikuwa sahihi, nalo lilichukua kama dakika kumi. Hatukuwauliza wamekwisha kupimwa nini, wala wapi. Hatukuuliza kama mume naye amepimwa. Walishukuru wakainuka, na walipofika mlangoni yule mama akageuka akasema kwa upole, “Padre, hata hivyo hela yenyewe hatuna.”

Kumbe tulikuwa tumewakataza kitu ambacho wasingeweza kukipata, na hatukuwaonyesha kile ambacho pengine wangeweza. Neno lile lilitukaa moyoni, na ndilo lililotufanya tuanze kusoma historia ya matibabu ya ugumba katika nchi hizi za Maziwa Makuu. Usomaji huo ulitupeleka Uganda, jirani yetu, ambako madaktari, wamisionari na maofisa wa serikali waliandika mengi juu ya jambo hili tangu mapema sana. Tunawashirikisha kwa ufupi tuliyoyaona.

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala Uganda iliingiwa na hofu ambayo leo tukiisikia tunashangaa: waliogopa kwamba watu wanakwisha. Vita vya miaka ya 1890 vilikuwa vimeua wengi. Kisha ukaja ugonjwa wa malale, uliofyeka watu zaidi ya laki mbili kwenye mwambao na visiwa vya ziwa. Zaidi ya hayo, madaktari wa misioni waliripoti kwamba wanawake wengi wa Buganda hawazai, mimba zinaharibika, na watoto wanazaliwa wafu. Daktari Albert Cook, Mwanglikana aliyefika Mengo mwaka 1897, alikuwa miongoni mwa waliopiga mbiu hiyo.

Serikali ikamleta mtaalamu wa jeshi, Kanali Lambkin, naye mwaka 1908 akatoa taarifa iliyotikisa London. Alidai kwamba zaidi ya nusu ya Waganda walikuwa na kaswende, na mahali pengine karibu watu wote. Sababu aliyoitoa yapasa kutushughulisha sisi Wakristo. Alisema kwamba Ukristo umechangia, kwa kuwa umevunja utaratibu wa zamani uliowafungia wanawake chini ya ulinzi mkali wa waume na machifu, ukawaacha huru wazurure. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Kiganda aliyekosa mtoto alihukumiwa mara mbili: na ukoo wake kwa kutozaa, na daktari mgeni kwa kuwa huru. Kuhusu waume, wapagazi, askari na wafanyabiashara waliopita njiani, sauti ilikuwa ndogo.

Kutokana na taarifa hiyo ikazaliwa, mwaka 1913, hospitali ya Mulago. Wengi wetu tunaijua Mulago kama hospitali kubwa ya taifa la Uganda na mahali walikosomea madaktari wengi wa Afrika Mashariki. Mwanzo wake ulikuwa kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Kwa hiyo tukisema kwamba hospitali mashuhuri kuliko zote nchini humo ilianzishwa kwa sehemu kubwa ili watu wazae, hatutakuwa tumetia chumvi. Dawa iliyopendekezwa na Lambkin ilikuwa zebaki, iliyodungwa msulini, yenye maumivu na sumu. Sheria zikatungwa za kulazimisha watu kupimwa na kutibiwa, na watu wakalalamikia kupangwa na kukaguliwa miili yao kwa amri, jambo lililowavunjia heshima.

Sasa sikieni neno ambalo lilitufanya tuweke kitabu chini kwa muda. Mwaka 1956 daktari J. N. P. Davies, aliyefanya kazi Kampala, aliandika historia ya kaswende nchini Uganda katika jarida la Shirika la Afya Duniani, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoitwa kaswende ya zinaa haikuwa ya zinaa hata kidogo. Kuna jamaa ya magonjwa yanayofanana nayo, ukiwamo ugonjwa wa buba ambao wazee wetu waliufahamu vema. Watoto huambukizana kwa kugusana ngozi, na kipimo cha damu hakiwezi kuyatofautisha na kaswende. Watu wazima walioonekana na alama hizo wengi walikuwa wameupata ugonjwa wakicheza uani. Taifa zima likabandikwa jina la uasherati kwa sababu ya vidonda vya utotoni!

Tena kulikuwa na ugonjwa mwingine, wa kimya, ambao ndio uliokuwa ukifunga matumbo kweli kweli. Kaswende huharibu mimba na kuua mtoto tumboni, lakini kwa kawaida haimzuii mwanamke kushika mimba. Kisonono ndicho hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi, kikaacha makovu, na mirija ikiziba yai halikutani tena na mbegu ya mume. Mara nyingi mwanamke hata hajui kwamba aliugua. Siku hizi tunajua kwamba klamidia hufanya kazi ileile kwa kificho zaidi. Zebaki haikuponya kisonono. Wala Salvasani, dawa ya Mjerumani Paul Ehrlich iliyoanza kuuzwa mwaka 1910, haikukiponya. Ilibidi kungoja dawa za salfa mwishoni mwa miaka ya 1930, na penisilini baada ya Vita Kuu ya Pili. Basi mtazameni mwanamke wa mwaka 1915, mirija yake imeziba kwa kisonono alichokipata kwa mumewe, amepangwa mstarini Mulago kwa amri ya chifu, anadungwa zebaki kwa ajili ya kaswende ambayo pengine hanayo. Huyo ndiye Hana wa Buganda.

Katika miaka hiyohiyo, kilimani Nsambya, upande wa Wakatoliki, kulikuwa na watu wengine. Mwaka 1903 walifika hapo masista Wafransisko kutoka Uingereza, walioitwa na Askofu Hanlon wa Shirika la Mill Hill. Mmoja wao alikuwa Mwairishi, Teresa Kearney, ambaye historia inamjua kwa jina la Mama Kevin. Inasimuliwa kwamba zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Alikaa Afrika zaidi ya miaka hamsini, akaanzisha mwaka 1923 shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao wengine wenu mnawajua. Alipofariki huko Marekani mwaka 1957, mwili wake ulirudishwa ukazikwa Nkokonjeru. Jina lake liligeuka kuwa neno la kawaida: huko Uganda watu waliita hospitali au nyumba ya huruma “kevina”.

Mama Kevin aliona wanawake wakifa uzazini, na wengine wakipona lakini wasizae tena. Hapo akagonga ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa wetu. Utaratibu wa Kanisa wa wakati ule haukuwaruhusu watawa wa kike kufanya kazi ya ukunga. Mtawa aliweza kumfunga mgonjwa kidonda, kumlisha, kumfumba macho akifa. Kumpokea mtoto anayezaliwa, hapana. Mama Kevin hakuasi, wala hakukaa kimya. Alimleta daktari mlei, mwanamke aitwaye Evelyn Connolly, wakaanzisha Nsambya mafunzo ya wauguzi na wakunga Waafrika, huku yeye na wenzake katika nchi nyingine za misioni, kama Mama Anna Dengel aliyefanya kazi Bara Hindi, wakiendelea kuisihi Roma. Ilichukua miaka mingi. Tarehe 11 Februari 1936, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi, Idara ya Uenezaji wa Imani ikatoa maagizo ya kuwahimiza watawa wa kike katika nchi za misioni kujifunza utabibu na ukunga.

Mnaweza kuuliza, ukunga na ugumba vinahusianaje? Vinahusiana sana. Katika bara letu waliokosa mtoto si wale tu ambao hawajazaa kamwe. Wengi ni wale waliozaa mara moja, au walioharibikiwa na mimba mara moja, kisha basi. Uzazi uliofanyika kwa mikono michafu, kondo la nyuma lililobaki tumboni, homa isiyotibiwa baada ya kujifungua au baada ya mimba kutoka, hayo yote hupeleka maambukizo kwenye mirija na kuifunga. Mkunga wa Nsambya aliyenawa mikono na kuchemsha vifaa mwaka 1925 alikuwa akitibu ugumba wa mwaka 1930 bila kujua. Katika yote tuliyoyasoma, hatukuona mahali ambapo Kanisa lilifanya jambo kubwa kuliko hilo kwa ajili ya kina Hana wa nchi hizi, na tazameni kwamba lilifanyika huku sheria yetu wenyewe ikivuta nyuma.

Penisilini ilipofika vijijini, na kampeni za kufuta buba zikafanyika miaka ya 1950, watoto walianza kuongezeka Buganda, na vivyo hivyo Buhaya, kwetu upande huu wa mpaka, ambako wakoloni walikuwa na hofu ileile. Hata hivyo haikuwa sawa kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walilinganisha wilaya mbili za Uganda. Teso, mashariki, kisonono kilikuwa kimeenea na wanawake wengi hawakuwa na watoto. Ankole, magharibi, kisonono kilikuwa kidogo na watoto walikuwa wengi. Nchi moja, serikali moja, lakini mwanamke wa Teso aliambiwa amerogwa au amelaaniwa, kumbe alikosa sindano kwa wakati. Kwa maana penisilini ina kasoro moja kubwa: huua vijidudu, haifuti makovu. Aliyechelewa amechelewa.

Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa kati ya mwaka 1979 na 1984 katika nchi 25 ulithibitisha jambo hilo kwa bara zima. Wanawake Waafrika waliokosa mtoto walikuwa na mirija iliyoharibiwa na maambukizo kwa kiasi kikubwa kuliko wanawake wa mabara mengine. Jambo la kusikitisha ni kwamba ilikuwa pia sababu iliyo rahisi zaidi kuizuia.

Lakini kufikia wakati huo upepo ulikuwa umegeuka. Kule ambako mwaka 1908 watawala waliogopa kwamba Waafrika wanakwisha, miaka ya 1960 na 1970 wakubwa wa dunia walianza kuogopa kwamba Waafrika wanazidi. Chama cha uzazi wa mpango kilianzishwa Uganda mwaka 1957, na baada ya hapo fedha za wafadhili zilielekezwa zaidi kwenye kupunguza uzazi. Mkutano wa Cairo wa mwaka 1994 uliandika katika maazimio yake kwamba kuzuia na kutibu ugumba ni sehemu ya afya ya uzazi. Kwenye karatasi yamo. Zahanatini, mama akienda kuomba njia ya kutozaa alipata kabati zima. Akienda kuomba msaada wa kuzaa aliambiwa aende hospitali ya mkoa, na huko akaambiwa aende mjini.

Tukitazama karne hii nzima, tunaona jambo moja. Watu walipopungua, mwanamke asiyezaa alitibiwa kwa nguvu, kwa sababu dola ilitaka wafanyakazi na walipa kodi. Watu walipoongezeka alisahauliwa, kwa sababu hesabu ya taifa ilikuwa imetimia bila yeye. Katika nyakati zote mbili aliyetazamwa alikuwa hesabu. Nchi yenye watoto wengi ni mahali pagumu kuliko pote kwa asiye na mtoto, maana hata kilio chake huonekana ni cha ajabu.

Sasa turudi kwenye swali la wale wawili ofisini. Tarehe 25 Julai 1978, mjini Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama. Watu husahau kwa nini njia hiyo ilibuniwa. Mama yake Louise alikuwa na mirija iliyoziba, na Robert Edwards na Patrick Steptoe walitafuta namna ya kuizunguka. Yaani dawa hiyo ya matajiri ilibuniwa kwa ugonjwa uleule ambao Waafrika walikuwa nao kwa wingi kuliko wengine, na kwa wengi wao ikachelewa robo karne na zaidi. Kampala ilipata mtoto wa kwanza wa namna hiyo mwaka 2004, katika hospitali binafsi. Nairobi mwaka 2006. Mwezi Desemba 2007 wataalamu wa Ulaya na Afrika walikutana Arusha, hapa hapa kwetu, kujadili ugumba katika nchi maskini na namna ya kupunguza gharama. Mwaka 2018 ilifunguliwa Mulago, palepale ulipoanza mkasa huu, hospitali mpya ya wanawake na watoto wachanga, na utungishaji wa maabara ulikuwa miongoni mwa huduma zilizokusudiwa. Hata hivyo katika vituo vingi jaribio moja limeendelea kugharimu maelfu ya dola, na majaribio mengi hayafaulu. Tumesikia habari za watu waliouza shamba kwa jaribio moja, wakabaki bila shamba na bila mtoto.

Mafundisho ya Kanisa hayajabadilika, nasi hatuji hapa kuyalegeza. Papa Pio XII aliongea na wataalamu wa ugumba mwaka 1956, na katika hotuba hiyo alikataa utungishaji wa maabara miaka 22 kabla haujafaulu. Lakini alianza kwa kukiri uzito wa msiba wa wasiozaa, na hiyo ndiyo sehemu tunayoisahau. Hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 na Dignitas Personae ya mwaka 2008 zilieleza sababu. Mtoto anastahili kuwa tunda la tendo la upendo la mume na mke, asiwe kitu kilichotengenezwa na mtu wa tatu mezani; na viinitete vinavyozidi hugandishwa, huchaguliwa, hutupwa, navyo ni uhai wa mwanadamu. Tunaliamini hilo kwa moyo wote. Tunaongeza neno kwa ajili ya familia ambazo zimekwisha kupita njia hiyo: mtoto aliyezaliwa hivyo ni mtoto kamili, ameumbwa kwa mfano wa Mungu, atabatizwa kwenye kisima kilekile walipobatizwa wenu, na anayemnong’ona kwenye jumuiya ajue kwamba anatenda dhambi.

Lakini hati ileile ya mwaka 2008, aya ya 13, inataja pia yale yanayoruhusiwa, na huko sisi mapadre hatufiki mara nyingi. Inataja dawa za homoni, upasuaji wa kuondoa vinyama vinavyoota nje ya mji wa mimba, na kuzibua au kutengeneza mirija. Kuzibua mirija! Ugonjwa wa Afrika umetajwa Roma kwa jina. Katekisimu nayo inahimiza utafiti wa kupunguza ugumba. Kwa hiyo “hapana” yetu ina “ndiyo” pembeni yake, na ndiyo hiyo inahitaji daktari wa upasuaji mwenye ujuzi, vifaa, na bei ambayo mkulima anaimudu. Tuna hospitali nyingi za Kanisa katika Afrika Mashariki, zimejengwa kwa jasho la kina Mama Kevin. Tunajiuliza, tena kwa uchungu, ni ngapi kati yake ambamo mke na mume maskini wanaweza kuingia wakasema “hatujapata mtoto” wakapokewa na mtu anayejua aanzie wapi. Tukisema “hapana” kwa sauti kubwa mimbarini na “ndiyo” yetu haipatikani hospitalini, watu watakwenda wanakopokewa: kwa daktari wa mjini wakiwa na fedha, na kwa mganga wakiwa hawana. Nabii feki naye amefungua duka hapo katikati, anauza maji na mafuta.

Nasi tunaungama tena: kumwambia mtu asali rozari ni jambo jema, lakini tusimtume kwenye rozari kama namna ya kumwondoa ofisini. Hana alisali, na Elkana naye alikuwa pamoja naye safarini.

Tukimtaja Elkana, tuseme na wanaume. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja kati ya kila sita duniani hukutana na ugumba katika maisha yake, na huo ni wanaume na wanawake pamoja. Katika ndoa nyingi chanzo kiko kwa mume, au kwa wote wawili. Kupima mbegu za mume ni kipimo cha kwanza na cha bei ndogo, kinahitaji hadubini na mtaalamu wa maabara tu, wala hakina kisu. Na kuna namna ya kuchukua sampuli isiyopingana na mafundisho ya Kanisa, tuulizeni faraghani. Hata hivyo tunajua wanawake waliopigwa picha za mirija, waliopasuliwa, waliokunywa dawa za kila mganga kwa miaka kumi, na waume zao hawajakanyaga maabara hata siku moja. Kiswahili chenyewe kina neno “tasa” la kumtupia mwanamke, na mawifi wanalijua vizuri. Baba zangu na kaka zangu wa UWAKA, hili ni lenu.

Ndugu wa mume nao wasikie sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, ibara ya tatu: utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. (Ipo habari ya mtu aliyeficha kwa hila jambo hilo kabla ya ndoa, hiyo ni kesi nyingine, na huamuliwa mahakamani pa Kanisa, si katika kikao cha ukoo.) Mke asiyezaa ni mke. Kumletea mume binti wa pili “ili ukoo usipotee” ni kuivunja Sakramenti, hata kama shangazi mwenyewe ndiye aliyempika chai. Na tunajua kwamba wako katika jumuiya zetu wanandoa waliochukua yatima wakawalea kama wa tumbo lao. Baadhi yenu mmekaa nao benchi moja miaka mingi bila kujua.

Wale wawili wa ofisini tuliwatafuta baadaye. Tulikwenda nyumbani kwao, tukaomba radhi kwa zile dakika kumi, tukanywa chai. Mume alikubali kupimwa. Yaliyofuata ni yao, hatuyaandiki hapa.

Jumamosi ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, daktari wa kina mama atakuwa ukumbini pamoja na muuguzi wa kiume atakayezungumza na waume peke yao. Hakuna kiingilio, na hakuna orodha ya majina. Wanaochelea kuonekana wapite mlango wa nyuma, upande wa bustani ya masista. Utakuwa wazi tangu saa mbili.

Paroko wenu